Nimepewa kuandika wasifu wa baba na mama, na mchango sina

*Shangazi, shikamoo. Nauza chakula hapa Dodoma mjini, nina watoto watatu. Baba aliingia reli mwaka 1974, akafanya kazi kwenye gengi la kutengeneza njia upande wa Bahi hadi alipostaafu. Mama alilima uwele na karanga, na alikuwa mzee wa kanisa. Baba alitangulia, mama nimemuuguza mwenyewe mpaka mwaka jana alipofariki. Sasa kaka mkubwa, yuko Dar es Salaam, anataka Julai tujengee makaburi kwa marumaru na kufanya ibada kubwa yenye sare. Kila mtoto atoe milioni moja na nusu. Mimi nina laki mbili. Wamenipa pia kuandika wasifu wa wazazi na kuusoma. Kila nikishika kalamu naandika "walikuwa wacha Mungu, wachapakazi, waliipenda familia", basi, naishia hapo. Tena kanisani siku hizi siendi sana, naona aibu kusimama mbele za watu. Nifanyeje?*
*Mtoto wa Gengi*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

La fedha nilimalize haraka. Mpigie kaka yako umwambie una laki mbili, umwambie leo, si Juni. Usiende kuchukua mkopo wa kausha damu kwa ajili ya marumaru. Mama uliyemuogesha na kumlisha asingekubali wajukuu wake walale njaa kwa kaburi lake. Ila kaka usimuone mbaya. Aliyekuwa mbali wakati mzazi anaumwa hubaki na deni moyoni, na mara nyingi hulilipa kwa saruji na vigae. Mwache ajenge kwa uwezo wake.

Wewe umepewa kazi kubwa kuliko ya kaka. Yale maneno matatu uliyoandika ni ya kweli, lakini yanasomwa kwenye kila msiba kuanzia Kongwa hadi Manyoni. Wanao wakiyasikia hawatamjua babu yao.

Anza na baba. Mwaka 1974 reli ilikuwa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika 1977, ikaja Shirika la Reli Tanzania. Nyumbani kwenu mwaka ule palikuwaje? Mshahara ulichelewa? Wazee waliofanya kazi naye bado wapo, watafute. Waulize habari za kubeba mataruma, kushindilia kokoto juani, kukagua njia kwa miguu alfajiri. Uliza kama aliwahi kupelekwa kule kati ya Kilosa na Gulwe, ambako mafuriko yamekuwa yakikata reli miaka nenda rudi, na alikaa huko muda gani bila kurudi. Wanao wanaiona treni ya umeme iliyofika Dodoma 2024 wanadhani reli ilianzia hapo. Waambie babu yao alishika spana ili ile ya zamani isianguke.

Kwa mama, nenda kwa mama mdogo wako au yeyote aliyekua naye. Mwache aongee Kigogo, usimkatize, simu irekodi. Muulize walikozaliwa. Kama familia yao ilihamishwa kwenye Operesheni Dodoma ya 1971, ile ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, muulize tembe lao lilikuwa wapi, nani alibomoa, walibeba nini. Akiwa na nguvu akupeleke mkaone hayo mahame, na wanao mwende nao.

Muulize pia imani ya mama ilionekana wapi siku za kawaida. Mwaka wa ukame alipeleka nini sadaka? Ule mnada wa mavuno baada ya ibada, alinunua kuku wa nani ili mwenye kuku asiaibike? Nani alikula kwenu ambaye hakuwa ndugu? Akiomba usiku aliwataja kwa majina, na wewe alikuombea nini? Hili la mwisho unalijua mwenyewe, maana ulilala chumba kimoja naye alipoumwa. Hakuna mwingine katika ukoo wenu mwenye habari za miezi ile. Ziandike kwanza, hata kama hutazisoma zote.

Kuhusu aibu: wasifu si ushuhuda wa wokovu wako. Unasimama kama mtoto kueleza waliokuzaa walivyoishi, na kanisa lile ni lao. Nenda kwa mchungaji au katekista kabla ya Julai, mwambie ukweli kama ulivyoniambia mimi, na umwombe daftari la ubatizo na la ndoa mpate tarehe sahihi. Usijifanye mwenye imani ambayo huna, mama angegundua. Lakini usimwachie mpwa wako karatasi eti yeye ndiye anayeimba kwaya. Soma wewe. Sauti ikikatika, watu watasubiri.

Mama mdogo uanze naye Jumamosi hii, maana umri wake si wa kuahirisha. Mpelekee sukari na majani ya chai. Ukimaliza kuandika, mrudie umsomee yeye kwanza kabla kaka hajauona, na akisema jina fulani au mwaka fulani umekosea, rekebisha.