Wadogo zangu wa semina, mwaka 1566 hakuna aliyekuwa akisubiri bendera

Jana nimesoma insha zenu za Uasi wa Uholanzi mpaka saa sita usiku. Nne mfululizo zinaanza hivi: "Waholanzi walianza kupigania uhuru dhidi ya mkoloni Mhispania." Maneno yale yale, na koma mahali pale pale. Nikajua desa moja, yaani muhtasari wa kukariri, limezunguka bweni zima. Desa hilo nalijua vizuri, kwa sababu niliandika mimi nikiwa mwaka wa pili. Sikudhani bado linaishi.

1. Lile desa lichomeni.

Tulikuwa sita kwenye kundi la diskasheni, na wenzangu waliniamini kwa kuwa nilikuwa na maneno. Nilisoma mwisho wa habari kwanza, mwaka 1581 walipomkana mfalme na mwaka 1648 Hispania ilipoukubali uhuru wao, kisha nikarudi nyuma nikiwa nimeshaamua kila kitu. Philip II, mfalme wa Hispania, nikamfanya mkoloni, William wa Orange, mkuu wa waasi, nikamfanya kiongozi wa chama cha ukombozi, na Duke wa Alba, jemadari aliyetumwa na Philip, akawa gavana katili. Lilikaririka vizuri sana. Wote sita tulilikariri.

UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ikaja na swali: kwa nini William, alipoingia vitani mwaka 1568, alidai hapigani na mfalme? Nililisoma mara tatu, mikono imelowa jasho. Kwenye desa langu hakukuwa na hata mstari mmoja wa kulijibu. Nikaandika habari za uhuru kurasa nne, na wenzangu watano wakaandika zile zile. Wawili walipata sapu, mtihani wa marudio. Mmoja wao alikuwa na sapu nyingine mbili, akadisko, yaani akaondolewa chuoni. Siku anaondoka alipita chumbani kwangu, godoro limefungwa kamba, akanishukuru kwa madesa yote niliyomsaidia. Alinishukuru kwa moyo kabisa. Nilikosa la kumjibu, na mpaka leo sijalipata.

Nilichopaswa kumwandikia ni hiki. Philip hakuvamia nchi ya watu. Alirithi majimbo 17 kutoka kwa baba yake, Charles V, mzaliwa wa Ghent, aliyejivua madaraka hayo Brussels mwaka 1555. Kila jimbo lilikuwa na haki zake za kale, na mtawala aliapa kuzilinda. Malalamiko yalikuwa kwamba kiapo kinavunjwa: maaskofu wapya waliopangwa mwaka 1559 bila kushauriana na wakubwa wa nchi, Kardinali Granvelle, mshauri mkuu wa serikali ya mfalme huko, kushika mambo yote mkononi, na sheria kali za uzushi (imani zilizopingana na kanisa Katoliki) zilizoingilia mahakama za miji. Tarehe 5 Aprili 1566 waungwana wapatao 200 walikwenda kwa Margaret wa Parma, aliyetawala kwa niaba ya mfalme, wakiwa na ombi. Ombi, jamani! Walitaka sheria za uzushi zilegezwe. Inasimuliwa kwamba mshauri mmoja aliwaita ombaomba, nao wakalichukua jina hilo na kujivunia.

William naye alisema adui yake ni Alba na washauri wabaya, si mfalme. Julai 1572 wajumbe wa jimbo la Holland walipokutana Dordrecht walimtambua kuwa liwali wa mfalme, huku wakipigana na majeshi ya mfalme huyo huyo. Hata chuo kikuu cha Leiden, kilichoanzishwa mwaka 1575 baada ya mji kuponea chupuchupu kwenye mzingiro wa Wahispania, hati yake ilitolewa kwa jina la Philip. Majimbo yaliyoasi yalimkana mfalme rasmi tarehe 26 Julai 1581. Miaka 13 hiyo tangu 1568 ndiyo mada yenu, nanyi mnairuka kwa neno moja.

2. Msiandike "Waprotestanti dhidi ya Wakatoliki" mkaishia hapo. Egmont, mmoja wa wakubwa wa nchi, aliyekatwa kichwa kwenye uwanja mkuu wa Brussels tarehe 5 Juni 1568, alikuwa Mkatoliki, tena ndiye aliyemshindia Philip vita vya Gravelines dhidi ya Wafaransa miaka kumi kabla.

3. Fungueni ramani: majimbo yale 17 hayakuwa Uholanzi ya leo tu. Wimbi la kuvunja sanamu makanisani lilianzia Steenvoorde tarehe 10 Agosti 1566, mahali ambapo leo ni Ufaransa, na siku kumi baadaye likafika Antwerp.

4. Kodi ya Alba. Mdogo wangu mmoja, mwenye bidii nisiyoitilia shaka, ameandika kwamba Alba alikusanya fungu la kumi la kanisa. Nilicheka, kisha nikaona kosa limetoka wapi: sehemu ya kumi kwetu ni sadaka. Hii ilikuwa kodi ya asilimia 10 kwa kila mauzo ya bidhaa, pamoja na asilimia 5 kwa mauzo ya ardhi na nyumba, na asilimia 1 ya mali yote kwa mara moja. Sasa fikirini sufu: inauzwa kwa msokotaji, uzi unauzwa kwa mfumaji, kitambaa kwa mtia rangi, kisha kwa mfanyabiashara. Kila mkono unalipa. Ndiyo maana hata Wakatoliki watiifu waliipinga. Lakini msiandike kwamba ilikusanywa kote, kwa sababu upinzani ulikuwa mkubwa na majimbo yalikwishawahi kutoa fedha kwa mkupuo ili isianze.

5. Kutekwa kwa Den Briel, mji wa bandari wa Holland, tarehe 1 Aprili 1572, haukuwa mpango mkubwa. Ombaomba wa Baharini, waasi wa melini waliojiita kwa jina lile lile, walikuwa wamefukuzwa bandari za Uingereza na Elizabeth I, wakaukuta mji hauna kikosi cha Wahispania.

Insha mpya nazitaka Alhamisi. Njooni na nakala zote za lile desa kabla semina haijaanza, na zilizo kwenye simu mtazifuta mbele yangu.