Rangi ya kulanti isikudanganye

Corolla yangu ya 1997 ilichemsha kwenye mlima wa Mombo kwenda Lushoto, mama mkwe akiwa kiti cha nyuma. Mshale wa joto ulianza kupanda tangu kona za mwanzo, nikajipa moyo kuwa ni mlima tu. Tulikaa kando ya barabara zaidi ya saa nzima. Injini ilipopoa nikafungua mfuniko wa rejeta: ndani uji mzito, rangi ya matope.

Fundi wangu wa Ngamiani ndiye aliyenifumbua macho. Aliyelishika gari kabla yake alikuta kulanti nyekundu (kimiminika cha kupoza injini, chenye dawa ya kuzuia kutu) imepungua, akaongezea ya kijani, halafu akajaziliza maji ya kisima. Dawa za kuzuia kutu zisizopatana zikikutana huweza kuganda na kuziba vijibomba vya rejeta. Na visima vyetu vingi vya pwani vina chumvi, wakati silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini hii, ni ya aluminiamu. Chumvi huitafuna.

Kwa hiyo usiende dukani kuomba "ile nyekundu". Rangi kila kiwanda hujichagulia. Geuza kidumu usome. Kwa Toyota ya zamani natafuta yenye fosfati na isiyo na silikati (zote mbili ni dawa za kuzuia kutu), maana Wajapani huhofia silikati itamaliza sili, kizuia uvujaji cha wota pampu. Watengenezaji wengi wa Ulaya hukwepa fosfati, kwa kuwa huganda ikikutana na maji yenye chokaa. Mwenye Benzi au Peugeot asiige yangu, afuate kitabu cha gari lake.

Nasikia sana kwamba Tanga hakuna barafu, kulanti ya nini? Maji matupu huchemka kwenye nyuzi 100. Ukichanganya kulanti na maji nusu kwa nusu unafika karibu 107, hata kabla ya shinikizo la mfuniko. Na kutu haingoji baridi. Mimi huchanganya na maji ya betri yasiyo na asidi, ila soma kwanza: vidumu vingine vimeshachanganywa kiwandani.

Kabla ya kuweka mpya, safisha mfumo mpaka maji yatoke meupe. Fundi akitaka kutoa themostati (vali inayodhibiti joto la injini) "ili gari lipoe", kataa kabisa.

Ile ya zamani usiimwage uani, tafadhali. Ni tamu na ni sumu, na mbuzi wa jirani huramba chochote. Mimi huikinga kwenye dumu na kufunga mfuniko palepale, watoto wakiwa ndani.