Shindano la kwanza la gofu klabuni: kushika kadi ya mwenzio na kuhesabu mikwaju bila kuharibu

Mkuu umesema Jumamosi unaingia shindano la mwezi klabuni kwenu kwa mara ya kwanza, hendikapu 28, yaani mikwaju unayopunguziwa kulingana na kiwango chako, na kinachokunyima usingizi siyo swingi ni ile kadi, hujui uandike nini wapi na unaogopa kuondolewa kwa kosa la kalamu. Swali zuri sana hili na wengi wanaona aibu kuliuliza, wanaingia uwanjani wakitegemea kedi, mbeba fimbo wao, atawaokoa. Mimi nimecheza mashindano ya klabu miaka mingi na siku hizi jioni huwa nakaa mezani kusaidia kamati kupokea kadi, kwahiyo nitakueleza nilivyoona mambo yakienda.

Cha kwanza, punguza mzigo kichwani. Kazi yako na ya maka wako, yaani yule anayeshika kadi yako, ni visanduku 18. Basi. Kila kisanduku kiwe na idadi ya mikwaju mtu aliyopiga kweli kwenye shimo lile pamoja na penati zake. Jumla siyo kazi yako, neti (jumla ukitoa hendikapu) siyo kazi yako, pointi siyo kazi yako, hayo kamati ndo inakokotoa. Zamani ukiandika hendikapu kubwa kuliko yako kwenye kadi ulikuwa unaondolewa, ila tangu kanuni mpya za 2023 hata kuiandika hulazimiki, ni jukumu la kamati. Ukitaka kujumlisha jumlisha, hakuna anayekukataza, ila jumla ikiwa mbovu kamati itairekebisha tu. Kisanduku kikiwa kibovu ndo balaa, nitakifikia.

Kwenye tii ya kwanza, pale mnapoanzia kupiga, mnabadilishana kadi. Hii usiipuuze. Mwaka 2003 kwenye The Open, shindano kubwa la Uingereza, pale Royal St George's, Mark Roe na Jesper Parnevik walisahau kubadilishana, kila mmoja akaandikiwa kwenye kadi yenye jina la mwenzie, Roe kapiga 67 siku hiyo tena raundi nzuri kabisa, wote wawili wakaondolewa. Hao ni mapro wenye watu wa kuwasaidia kila kona. Kwahiyo ukipewa kadi soma jina lililo juu, hakikisha ni la mtu unayemwandikia, halafu mkiwa watatu mkubaliane nani anamwandikia nani, kawaida inazunguka, wewe unamwandikia wa pili, wa pili wa tatu, wa tatu anakuandikia wewe. Safu kubwa ya kadi unaweka mikwaju ya mwenzio, ile safu nyembamba ya pembeni unaweka ya kwako, hiyo ya pembeni itakuokoa mwisho wa mchezo.

Uandikie wapi? Siyo kwenye grini, pale penye shimo. Watu wanamaliza kupati, yaani kuviringisha mpira shimoni, wanasimama palepale kuanza kuhesabu na kundi la nyuma limeshika kiuno kule fewei, kwenye njia ya nyasi fupi, linasubiri. Tokeni, nendeni tii inayofuata, mwandikie hapo wakati wengine wanajiandaa. Na usisubiri mashimo matatu yapite ndo uanze kukumbuka, hakuna kichwa kinachobeba hivyo jua la saa saba. Beba penseli mbili na kimfuko cha nailoni, mvua ikikukuta kadi inakuwa uji na hizo namba hazisomeki tena.

Sasa kuhesabu kwenyewe. Kila aliyepiga kwa nia ya kuupiga mpira amehesabiwa mkwaju, hata kama kapiga hewa mpira haujatikisika. Swingi ya mazoezi siyo mkwaju, na kama mpira uko bado juu ya tii hujaanza shimo na ukaugusa kwa bahati mbaya ukadondoka, unaurudisha bila adhabu. Pati ya sentimita kumi uliyoigonga kizembe kwa mkono mmoja ukakosa, mkwaju. Na mikwaju ikiwa ndo inahesabiwa, hamna cha "hiyo nimekupa mkuu" kama mnavyozoea mkicheza kirafiki. Mpira lazima uingie shimoni. Ukiuokota halafu ukapiga tii ya shimo linalofuata bila kurudi kurekebisha, umetoka mashindanoni. Hili wageni wengi linawapata kwa mazoea tu ya siku za kawaida, na hata wewe kama maka usikubali kumpa mtu pati, humsaidii, unamwondoa.

Ukitoka nje ya vigingi vyeupe, yaani nje ya mpaka, hesabu inawachanganya watu. Tii ni mkwaju wa kwanza, penati ni wa pili, mpira unaopiga tena palepale ni mkwaju wa tatu. Kama una wasiwasi mpira umepotea au umetoka, piga wa akiba, ila UTAMKE, sema "napiga wa akiba" watu wasikie, ukinyamaza ule mpira wa pili unakuwa ndo mpira wako rasmi na wa kwanza umekufa hata ukiukuta umekaa vizuri katikati ya fewei. Kutafuta ni dakika tatu tangu 2019, zile tano za zamani zilishaondoka ingawa wazee wengine bado wanazidai.

Na kwa walioko Dar, kunguru. Kunguru akibeba mpira wako na mmemwona, unaweka mpira mwingine pale ulipokuwa, hakuna penati. Ngedere pia vilevile. Lakini lazima mjue au muwe na uhakika karibu kamili kwamba ndo kilichotokea, siyo mpira haupo basi kunguru. Kama hakuna aliyeona chochote huo ni mpira uliopotea, na maka anatakiwa kusema hivyo.

Hapo ndo nafika kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote na kwenye vitabu vya kanuni hulikuti likielezwa kwa mazingira yetu. Unaweza kupangwa na mtu mzima, mzee wa klabu, labda bosi wa mtu au mstaafu mwenye heshima zake, na wewe ndo unamwandikia. Shimo la saba mmetoka, unamuuliza, anakwambia sita. Wewe umehesabu saba. Unafanyaje? Vijana wengi wanaandika sita wanapita, wanaona kumkosoa mzee ni utovu wa adabu. Mkuu usifanye hivyo. Kuandika namba usiyoiamini siyo heshima, unamtengenezea mzee wa watu kadi mbovu yenye saini yako, na kanuni inasema maka anayethibitisha namba ya uongo kwa kujua naye anaweza kuondolewa.

Njia ninayoitumia mimi ni kutembea na mikwaju siyo na jumla. Simwambii "mzee umepiga saba". Nasema "samahani mzee, naomba tuipitie pamoja nisije nikakosea kuandika: tii, ya pili ikaenda rafu kushoto, ya tatu banka, pale banka nadhani zilikuwa mbili, halafu ukafika grini, pati mbili." (Rafu ni nyasi ndefu, banka ni shimo la mchanga.) Mara nyingi anasimama kabla sijamaliza, anasema aah ile ya kwanza bankani, kweli, saba. Maana wengi hawadanganyi kabisa, wamesahau tu, ukishapigana na mchanga kichwa kinafuta. Na mara nyingine ni mimi niliyehesabu zaidi, ile swingi ya pili ilikuwa ya mazoezi, nakubali tunaandika sita. Mkipitia hivyo hakuna anayeonekana mwongo. Kama bado hamkubaliani, waulizeni wengine kwenye kundi na makedi, na ikishindikana kabisa usibishane naye uwanja mzima, andika alama pembeni mkaipeleke kamati kabla hajarudisha kadi. Wewe hulazimiki kusaini namba usiyokubaliana nayo.

Makedi wetu wengi wanazijua kanuni kuliko wenye fimbo, waulize bila aibu. Ila kedi ni shahidi, siyo maka. Anayesaini ni wewe.

Ukikwama kwenye kanuni katikati ya mchezo, mfano mpira umekaa kwenye tope la bomba na hamjui kama unapewa nafuu ya bure (kusogeza mpira bila penati) au la, usikisie. Kwenye mashindano ya kuhesabu mikwaju kanuni inakuruhusu kumalizia shimo hilo na mipira miwili. Kabla hujapiga tena mwambie maka wako kwamba unacheza miwili na taja upi unataka uhesabiwe ikiwa kanuni inauruhusu. Zote mbili ziandikwe. Halafu lazima uiambie kamati kabla ya kurudisha kadi, hata kama mipira yote imetoka namba sawa, usipowaambia unaondolewa. Mimi nikiwa mezani nafurahi sana mgeni akija na kadi ya hivyo, tunaamua, anaondoka ametulia.

Mkimaliza shimo la 18 msikimbilie vinywaji. Kaeni chini. Wewe soma ile safu ya pembeni ulipojiandikia mwenyewe, maka wako asome alichokuandikia, shimo kwa shimo kwa sauti: moja tano, mbili sita, tatu nne... Inachukua muda mfupi tu. Kijana mmoja pale klabuni alileta kadi ambayo ingempa ushindi wa divisheni C, kumbe maka wake kaandika 4 shimo alilopiga 5 na wote wawili wamesaini bila kusoma, na aliyegundua ni kijana mwenyewe alipokuwa anahadithia mchezo wake mezani baada ya kurudisha. Tulimwondoa na iliniuma sana kwasababu hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Kanuni iko hivi: namba ya chini kuliko uliyopiga, unaondolewa, isipokuwa kama kilichopungua ni penati ambayo hukujua kabisa kwamba umeipata, hapo wanakuongezea tu. Namba ya juu kuliko uliyopiga, inabaki hiyohiyo ya juu.

Zote mbili zimewapata wakubwa. Roberto De Vicenzo wa Argentina, kwenye Masters ya 1968, shindano kubwa la Marekani, alipiga 3 shimo la 17, maka wake Tommy Aaron akaandika 4, De Vicenzo akasaini. Ikabaki 4, akamaliza nyuma ya Bob Goalby kwa mkwaju mmoja, mkwaju uleule, la sivyo wangeenda pleyofu, mchezo wa ziada wa kuamua mshindi. Ilikuwa siku yake ya kuzaliwa anatimiza 45. Na Jordan Spieth mwaka 2024 kwenye uwanja wa Riviera, Marekani, alisaini 3 shimo la 4 wakati alipiga 4, akaondolewa. Mtu aliyewahi kushinda Masters.

Saini ziwe mbili, yako na ya maka. Klabu zingine zimeweka kanuni ya ndani kwamba saini ikikosekana ni penati ya mikwaju miwili badala ya kuondolewa, zingine hazijaweka, kwahiyo asubuhi soma ubao wa matangazo. Na ukishairudisha kadi ukatoka eneo la kupokelea, huwezi kuibadilisha.

Kama shindano ni la Stableford, yaani la kupata pointi kila shimo, mambo ni mepesi kidogo, na nitakupa hesabu ili ujue lini uokote mpira. Ubaoni angalia hendikapu yako ya kuchezea siku hiyo maana inaweza kutofautiana na ile ya kwenye simu, inategemea uwanja na tii. Tuseme ni 28. Unapewa mkwaju mmoja kila shimo, zile 10 zilizobaki zinaenda kwenye mashimo yenye indeksi (namba ya ugumu iliyo kwenye kadi, 1 ndo gumu zaidi) 1 mpaka 10, hayo unapata miwili. Shimo la par 4 (kiwango chake ni mikwaju minne) indeksi 3: ukipiga 6 unatoa 2 inakuwa 4, ni par yako, pointi 2. Ukipiga 7 pointi 1. Ukishapiga 7 hujaingiza hakuna pointi tena, okota mpira, maka aweke mstari, songeni mbele. Hapa kuokota hakukuondoi. Lakini ukiingiza, maka aandike mikwaju uliyopiga, siyo pointi. Wageni wakiandika 2 kwenye kisanduku kwa kumaanisha pointi mezani tunabaki tunajiuliza kama jamaa amepiga igo, mikwaju miwili chini ya par.

Na usikate tamaa ukiharibu mashimo ya mwanzo ukaacha kuandika kwa makini. Mkifungana, klabu nyingi zinaangalia mashimo 9 ya mwisho, bado sare wanaangalia 6, halafu 3, halafu la 18 peke yake. Nimeona zawadi ikiamuliwa na shimo la 18 la mtu aliyekuwa ameshajitoa kichwani toka shimo la tano, na iliwezekana kwasababu maka wake aliendelea kumwandikia kila shimo kama kawaida.