Impreza WRX ya zamani: rudisha nguvu zake kabla ya kuongeza nyingine

Ukipata Subaru Impreza WRX ya miaka ya 2000, usikimbilie kupandisha presha ya tabo (turbo, feni inayosukuma hewa ndani ya injini). Injini ya EJ20 iliyochoka huwa imeshapoteza nguvu zake yenyewe, na hizo ndizo za kuanza kuzitafuta.

Pima kompresheni kwanza, yaani presha ya ndani ya kila silinda. Injini ikiwa ya moto, toa plagi zote nne, chomoa fyuzi ya pampu ya petroli, kanyaga mafuta mpaka mwisho, piga stata izunguke mara tano au sita. Andika namba ya kila silinda. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10, hakuna cha kuongeza hapo, injini ifunguliwe. Na ile njia ya kutia oili kidogo ili kujua kama ringi zimeisha haiaminiki sana kwa Subaru: silinda zimelala, oili inatuama upande mmoja.

Ikiwa nzima, tafuta hewa inayovuja. Mipira kati ya tabo na intakula (kipoza hewa ya tabo) hupasuka upande wa chini usioonekana. Ziba mdomo wa kuingizia hewa kwenye tabo, jaza hewa ya kompresa taratibu hadi psi 15, paka povu la sabuni kila kiungo. Panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Hewa hiyo kompyuta ya injini imeshaihesabu, hivyo inamwaga petroli ya hewa isiyofika. Ndiyo sababu ya moshi mweusi na gari kuwa zito. Ukienda mtaa wa Gerezani, Dar, kununua mpira, shika ule wa zamani mkononi upime kipenyo.

Joto la Dar nalo ni adui. Fundi akikushauri utoe tomostati (vali inayozuia maji ya rejeta hadi injini ipate moto), kataa kabisa: injini haitafika joto lake, na petroli itaendelea kumwagwa kama asubuhi. Maji ya kisima yenye chumvi hula alumini, kwa hiyo tumia kulanti (dawa ya maji ya rejeta) nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa ya betri, si asidi. Inua gari mbele, jaza polepole huku ukiminya mipira ya rejeta, hewa itoke yote.

Kinachoua injini hizi hasa ni kufungua ekzosi yote na kubaki na programu ileile ya kompyuta. Moshi ukitoka kirahisi, presha ya tabo inapita kiwango, petroli haitoshi, injini inagonga (petroli inalipuka vibaya ndani ya silinda), kisha pistoni zinavunjika penye ringi. Tena petroli ya daraja la juu ya Japani hufika oktani 100 (kipimo cha petroli kuzuia kugonga). Ya vituo vyetu haifiki hapo. Programu itengenezwe kwa petroli unayojaza hapahapa. Funga geji ya uwiano wa hewa na petroli: ukikanyaga mafuta yote isome karibu 11 kwa 1. Ikielekea 13, ondoa mguu mara moja.

Oili ya breki, DOT 4, badili kila miaka miwili maana inanyonya unyevu. Kwa matairi ya mtumba, soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi hilo limezeeka, liache dukani, hata kama kashata zake bado ndefu.