Kadi "mpya" ya Medicare kwa simu: mama asitaje namba

Uliyeuliza kuhusu mama yako aliyepo Marekani, aliyepigiwa simu akaambiwa kadi yake ya Medicare (bima ya afya ya serikali ya Marekani, hasa kwa wazee) inabadilishwa na athibitishe namba: huyo ni tapeli. Medicare haimpigii mtu ambaye hakuomba kupigiwa ili kumdai namba yake. Asiamini hata jina linalotokea kwenye skrini, hughushiwa kirahisi.

Wanachokitafuta ni zile herufi na tarakimu 11 za kwenye kadi. Wakizipata, wanaidai Medicare hela za kipimo cha vinasaba au mkanda wa goti ambao mama hakuuomba. Na hapo ndipo panapouma: siku akiuhitaji mkanda kweli, rekodi inaonyesha alishapewa, anaweza kunyimwa.

Kama ameshaitaja, wapigieni Medicare leo hii, 1-800-633-4227, ombeni mkalimani wa Kiswahili (hamlipi kitu), mweleze namba imeibwa na mwombe nyingine. Kisha kaa naye mkague taarifa ya matibabu ambayo Medicare huileta kwa posta, mstari kwa mstari: tarehe, daktari, kifaa. Kikija kifurushi asichoagiza, akikatae mlangoni.