Jibu: Nyimbo ngapi za kwenda nazo redioni?

Mkuu, umeuliza mwigizaji ambaye pia ni mwanamuziki, aliyealikwa redioni kwa muda wa saa 1 kueleza nyimbo anazozipenda, achague ngapi. 6 zinatosha. Desert Island Discs, kipindi cha redio ya BBC kilichoanza 1942, humpa mgeni nyimbo 8, ila husikika vipande tu.

Wimbo wake mwenyewe uwe 1, basi. Kila wimbo aupe dakika 2: ulimkuta wapi, ulibadili nini katika uimbaji au uigizaji wake. "Unanigusa sana" haimwambii msikilizaji kitu.

Asikilize maneno mpaka mwisho. Wengi huleta Malaika kama wimbo wa harusi, kumbe ni kilio cha kijana asiye na mali ya kuolea. Mtangazaji akichimba kidogo tu, mgeni anakwama. Mtunzi wake pia amebishaniwa miaka mingi, asimtaje mmoja kwa uhakika.

Dansi ndiyo inayosumbua zaidi, maana nyimbo nyingi zinapita dakika 7 na chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, huja mwishoni. Aandike pa kuanzia na pa kukata, mfano 4:10 hadi 5:30, ampe fundi mitambo mapema. Kwa WhatsApp atume faili la wimbo kama dokumenti. Akiurekodi upya kama ujumbe wa sauti, besi inapotea.