Kupika ukiwa mgonjwa Krismasi: sigiri moja, sufuria moja

Ndugu uliyeuliza upike nini ukiwa na homa Kampala, wenzako wote wameshaenda kijijini na umebaki na sigiri moja: kabla ya chakula, tuanze na mkaa. Washia nje, pikia nje. Usiingize sigiri ndani hata kama moshi umekwisha na makaa yamekuwa mekundu. Sumu ya mkaa haina harufu, na mwenye homa husikia baridi, kwa hiyo ndiye wa kwanza kufunga dirisha.

Mahitaji yapate kabla ya tarehe 25, maana siku yenyewe vibanda vingi hufungwa. Agiza unga wa wimbi nusu kilo, vidole vinane vya matoke, shingo na migongo ya kuku nusu kilo, nyanya, kitunguu, tangawizi, ndimu, maziwa na odii kidogo, ile karanga na ufuta vilivyosagwa pamoja. Kuku wa kienyeji mwache. Anataka saa mbili motoni, na wewe huna nguvu ya kupepea mkaa muda wote huo.

Uji ndio msingi. Chukua maji vikombe vinne. Kimoja, kikiwa baridi, koroga nacho vijiko vikubwa vitano vya unga hadi ulainike, vitatu vichemshe. Mimina ule mchanganyiko polepole huku ukikoroga bila kuacha mpaka uchemke tena, kisha punguza makaa, uive dakika 15. Mabonge hutokea unga mkavu ukikutana na maji ya moto: nje unaiva, ndani unabaki vumbi. Ndimu kamulia baada ya kuepua. Ukitaka maziwa, acha ndimu, la sivyo yatakatika. Pika mwepesi kuliko unavyoupenda, kwa sababu ukikaa huzidi kuwa mzito. Suuza chupa ya chai kwa maji yanayochemka, mwaga, jaza uji usio na maziwa. Hapo huhitaji kuwasha mkaa tena usiku.

Mchana pika katogo, yaani matoke yanayoiva pamoja na kitoweo katika sufuria moja. Weka kuku kwenye maji baridi lita moja na nusu, yachemke, engua povu, tia vipande vitatu vya tangawizi, acha yatokote taratibu dakika 40. Matoke menyea ndani ya beseni la maji ili utomvu usigande mikononi na ndizi zisiwe nyeusi. Vidole vinne, kata katikati, tia pamoja na nyanya na nusu kitunguu, funika dakika 30. Chumvi mwisho, kwa kuwa mchuzi hupungua, na ulimi wa mgonjwa haupimi vizuri. Ule yangali moto. Matoke yakipoa huwa magumu, na maji ya moto kidogo ndiyo huyarudisha.

Kama umepimwa ukakutwa na malaria na ukapewa artemetha-lumefantrini, usimeze na chai kavu. Dawa hiyo huingia mwilini vizuri zaidi ikiwa na mafuta: usiengue mafuta ya ule mchuzi, au koroga kijiko kikubwa cha odii kwenye bakuli la uji. Hamu ikikataa kabisa, kikombe cha maziwa kinatosha.

Ukiharisha, pilipili na nyama choma zisubiri. Kama huna pakiti ya chumvi za kuongeza maji mwilini, maji safi lita moja, sukari vijiko vidogo sita vya usawa, chumvi nusu kijiko kidogo. Pima sawasawa: chumvi ikizidi ni hatari, sukari ikizidi huzidisha kuhara. Kunywa kidogo kidogo, siyo kikombe kizima kwa mkupuo. Ukitapika kila unachokunywa, ukaona damu kwenye choo au ukaanza kuchanganyikiwa, achana na jiko uende kituo cha afya, sikukuu au siyo.

Halafu kuna pilau ya jirani. Italetwa tu, na kuikataa ni kumvunjia heshima. Pokea, shukuru, uliza imepikwa lini. Ya mchana huo, kula vijiko viwili vitatu bila nyama ya mafuta. Iliyolala mezani usiku kucha usile hata ukiipasha mpaka itoe mvuke, kwa sababu wali uliokaa nje hufuga vijidudu ambavyo sumu yake haifi kwa moto.